Risasi ya utotoni huuma uzeeni

Watu wengi wakisikia neno risasi hufikiria bunduki. Lakini risasi ni madini. Ni chuma kizito, laini, chenye rangi ya kijivu. Kisu hukikata, na moto wa mkaa hukiyeyusha. Kwa sababu ni rahisi kuyeyusha, watu wamekitumia tangu zamani kwa kazi nyingi.

Risasi imo ndani ya betri za magari na pikipiki. Imo ndani ya betri nyingi za sola. Imo katika baadhi ya rangi za mafuta za kupaka nyumba, hasa za njano na nyekundu. Wavuvi huiyeyusha kutengeneza chubwi za mishipi na vizito vya nyavu.

Kabla hatujaendelea, tuondoe wasiwasi mmoja. Kalamu ya risasi anayotumia mtoto shuleni haina risasi ndani yake. Hilo ni jina tu. Kile cheusi kinachoandika ni grafaiti, ambayo ni ndugu wa makaa. Kwa hiyo usimnyang'anye mtoto kalamu yake.

Risasi ni sumu. Jambo hilo limejulikana kwa karne nyingi. Jambo ambalo limejulikana katika miaka ya karibuni ni hili: risasi aliyoimeza mtu akiwa mtoto inaweza kumdhuru akiwa mtu mzima, na hata akiwa mzee. Leo tutaeleza jinsi wataalamu walivyoligundua jambo hilo, na jinsi linavyotuhusu sisi.

WATOTO WA DUNEDIN

Katika nchi ya New Zealand, mbali kusini mwa dunia, kuna mji uitwao Dunedin. Wataalamu wa mji huo waliamua kufuatilia watoto waliozaliwa huko kuanzia Aprili mwaka 1972 hadi Machi mwaka 1973. Watoto hao walikuwa 1,037. Walipimwa wakiwa na miaka 3, tena wakiwa na miaka 5, na 7, na 9, na 11. Waliendelea kupimwa hata walipokuwa watu wazima wenye watoto wao.

Walipofika miaka 11, zaidi ya watoto 500 kati yao walitolewa damu ikapimwa risasi. Damu yao ilikuwa na risasi nyingi. Ilitoka wapi? Wakati ule petroli ilitiwa risasi ili injini zisigonge. Gari lilipopita, risasi ilitoka pamoja na moshi. Watoto wakaivuta puani. Nyingine ikaanguka chini, ikachanganyika na vumbi walilochezea.

Risasi ya damuni hupimwa kwa kipimo kidogo sana. Chukua gramu 1 ya risasi, uigawe mafungu milioni moja. Kila fungu ni mikrogramu 1. Sasa chukua damu ya kujaza nusu ya kikombe cha chai, yaani sehemu ya kumi ya lita. Katika damu kiasi hicho, watoto wa Dunedin walikuwa na mafungu kama 11 kwa wastani. Mafungu hayo huwezi kuyaona kwa macho. Lakini yalitosha kuacha alama.

MTAFITI WA AKILI AFUATA NYAYO

Miaka mingi baadaye, kijana mmoja Mmarekani aitwaye Aaron Reuben alikuwa anasomea elimu ya akili na tabia za watu katika Chuo Kikuu cha Duke. Walimu wake, Terrie Moffitt na Avshalom Caspi, walikuwa wamefanya kazi na watu wa Dunedin kwa muda mrefu. Reuben na wenzake wakauliza swali: watoto wale waliokuwa na risasi nyingi damuni, leo wako katika hali gani?

Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Katika miji mingi, watu maskini ndio wanaokaa kando ya barabara kubwa na karibu na viwanda. Mtoto wao akichelewa kujifunza, huwezi kujua kama ni kwa sababu ya risasi au kwa sababu ya umaskini. Wewe mkulima unalijua jambo hili. Ukitaka kulinganisha mbegu 2, hupandi moja kwenye kichuguu na nyingine kwenye mchanga. Ukifanya hivyo hutajua kama tofauti imetokana na mbegu au na udongo.

Dunedin palikuwa kama shamba la udongo wa namna moja. Watoto wa matajiri na watoto wa maskini walivuta moshi ule ule. Kwa hiyo risasi ingeweza kupimwa bila kuchanganywa na umaskini.

Mwaka 2017 Reuben na wenzake walichapisha matokeo. Watu wa Dunedin walikuwa wamepimwa akili wakiwa na miaka 38. Mtihani wa namna hii una mafumbo, hesabu, kukumbuka na kupanga vitu, na mtu wa kawaida hupata alama kama 100. Watafiti waliona kwamba kila mafungu 5 ya risasi yaliyozidi katika damu ya mtoto, yalikwenda pamoja na kupungua kwa alama 1.6 za akili ukubwani. Waliokuwa na mafungu zaidi ya 10 walikuwa nyuma ya wenzao kwa alama 4 na robo.

Je, si kwamba watu hao walizaliwa hivyo? Hapana. Walikuwa wamepimwa akili tangu utotoni. Kila mmoja alilinganishwa na alivyokuwa mwenyewe zamani. Wenye risasi nyingi walikuwa wameshuka. Hata kazi walizozipata zilikuwa za chini kuliko kazi za wazazi wao.

UBONGO ULIOZEEKA MAPEMA

Mwaka 2020 watafiti hao walichapisha habari nyingine. Watu wa Dunedin sasa walikuwa wamefika miaka 45. Safari hii waliingizwa katika mashine yenye sumaku kubwa, inayopiga picha za ndani ya kichwa bila kupasua.

Picha zilionyesha tofauti. Waliokuwa na risasi nyingi utotoni, ganda la nje la ubongo wao lilikuwa na eneo dogo zaidi. Sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu ilikuwa imepungua. Nyuzi zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine hazikuwa imara kama za wenzao.

Kisha wakaukadiria umri wa ubongo kwa kuangalia picha tu, kama mchungaji anavyokadiria umri wa ng'ombe kwa kutazama meno. Kwa kila mafungu 5 ya risasi yaliyozidi, ubongo ulionekana mzee zaidi kwa miezi kama 9. Maana yake ni kwamba mtu aliyemzidi mwenzake kwa mafungu 10 akiwa na miaka 11, ubongo wake ulionekana umemzidi uzee kwa mwaka mmoja na nusu, ingawa wote walikuwa na miaka 45.

Liko jambo jingine la kushangaza. Watu wenyewe walipoulizwa, hawakuona kasoro yoyote. Lakini ndugu na marafiki zao waliona. Walisema mtu huyu husahau alikoweka vitu, na mawazo yake huhama upesi. Hivyo ndivyo risasi inavyofanya kazi. Haimwangushi mtu kitandani. Humpunguza kidogo kidogo, naye hajui.

RISASI HUJIFICHA KATIKA MIFUPA

Labda unajiuliza: sumu ya miaka mingi inawezaje kubaki mwilini? Sikiliza.

Mwili unahitaji madini ya chokaa ili kujenga mifupa na meno. Risasi inafanana na chokaa kwa namna fulani, hata mwili hudanganyika. Huichukua na kuiweka ndani ya mifupa kama mkulima aliyeingiza mahindi yenye wadudu ghalani. Katika damu risasi hukaa majuma machache tu. Katika mifupa hukaa miaka makumi.

Ghala hili hufunguka wakati mwili unapohitaji chokaa. Mama akiwa mjamzito, mifupa yake hutoa chokaa kumjenga mtoto. Risasi nayo hutoka, ikamfikia mtoto aliye tumboni. Hutoka pia wakati wa kunyonyesha, lakini maziwa ya mama bado ni chakula bora kwa mtoto, na mama asiache kunyonyesha kwa hofu. Na mtu akizeeka mifupa huwa myembamba. Risasi aliyoila ujanani hurudi tena katika damu, wakati ambapo ubongo wake hauna nguvu za kujitetea.

Huko Boston, Marekani, kundi la wanaume lilianza kufuatiliwa mwaka 1963 ili kujifunza mambo ya uzee. Baadaye walipimwa risasi katika mfupa wa muundi wa mguu na katika pia ya goti. Wazee waliokuwa na risasi nyingi zaidi katika mifupa, akili zao zilishuka upesi kuliko wenzao.

Wanyama nao wametoa ushahidi. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walieleza habari za kima waliopewa risasi walipokuwa wachanga, kisha hawakupewa tena. Kima hao walipofikia uzee wa miaka 23, ubongo wao ulikuwa na dalili kama za wazee wanaougua ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Reuben naye, katika andiko la mwaka 2018, aliwataka wataalamu wachunguze kama risasi ya utotoni inachangia ugonjwa huo kwa binadamu.

Ndugu msomaji, usielewe vibaya. Si kila mzee anayesahau alikula risasi. Kuna sababu nyingi za kusahau. Lakini jambo moja ni wazi: kusahau kwa mzee ni jambo la mwili. Si uchawi, wala si laana. Mzee anayesahau hastahili kuchekwa wala kusingiziwa. Anastahili kutunzwa.

JAMBO HILI LIKO KWETU PIA

Utasema hayo ni ya New Zealand na Marekani. La, hata kwetu yapo.

Petroli yenye risasi iliuzwa Afrika pia. New Zealand iliiacha mwaka 1996. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuitumia katika magari ilipofika mwanzo wa mwaka 2006. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Basi wengi wetu tuliokua kando ya barabara kubwa kabla ya mwaka 2006 tuliivuta risasi ile.

Petroli ile imekwisha, lakini betri zimeongezeka. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani karibu na nyumba za watu. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, aliona mtoto wake mchanga anaugua. Damu ya mtoto ilipopimwa ilikutwa na risasi. Mama huyo hakunyamaza. Aliungana na majirani wakadai haki, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014.

Huko Zamfara, Nigeria, wanavijiji walisaga mawe ya dhahabu nyumbani. Hawakujua kwamba mawe hayo yalikuwa na risasi nyingi. Vumbi likaenea uani, jikoni na kwenye vyakula. Mwaka 2010 jambo hilo lilipogunduliwa, watoto zaidi ya 400 walikuwa wamekufa.

Watoto ndio wanaoumia zaidi. Tumbo la mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 au 5 kuliko tumbo la mtu mzima. Mtoto hutambaa chini, hutia vidole mdomoni, na ubongo wake bado unajengwa. Mtoto mwenye njaa au mwenye upungufu wa damu hufyonza zaidi.

MAMBO YA KUFANYA

Risasi ikishaharibu ubongo, hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa. Zipo dawa za hospitali za kupunguza risasi mwilini kwa mgonjwa aliyezidiwa, lakini hazirudishi akili iliyopotea. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo dawa yetu ni kujikinga. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

1. Usivunje betri ya gari, ya pikipiki au ya sola nyumbani. Ikiisha nguvu, iuze au irudishe ikiwa nzima. Usimwage maji yake chini. Watoto wasiichezee.

2. Usiyeyushe risasi jikoni, wala katika sufuria ya chakula. Mvuvi anayetengeneza chubwi afanye kazi hiyo nje, mbali na nyumba na watoto, na upepo umpige kisogoni. Chubwi isitiwe mdomoni wala kuumwa kwa meno.

3. Fundi wa betri, mpaka rangi na mchimbaji wa dhahabu avue nguo za kazi kabla ya kuingia nyumbani. Aoge na kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa maneno hayo ni kweli kabisa.

4. Usisage mawe ya dhahabu uani. Kinu na kinu cha mashine kilichosaga mawe kisisage nafaka.

5. Usikwangue rangi ya zamani ikiwa kavu. Ilowanishe kwanza ili vumbi lisiruke. Kusanya mabaki yote. Ukinunua rangi mpya, uliza ile isiyo na risasi.

6. Sufuria zinazosubiwa kwa vyuma chakavu zinaweza kuwa na risasi, maana anayezisubu hajui vyuma hivyo vilitoka wapi. Usihifadhi ndani yake vyakula vichachu kama ndimu, ukwaju na nyanya, kwani uchachu huitoa risasi.

7. Mama mjamzito asile udongo. Udongo wa kula uuzwao sokoni huweza kuwa na risasi. Uingereza na Marekani zimewaonya wajawazito juu ya udongo wa namna hiyo utokao Afrika Magharibi. Ukiwa na hamu ya udongo, nenda kliniki. Huenda una upungufu wa damu.

8. Wape watoto chakula chenye madini ya chokaa na ya kuongeza damu: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, maharage, mchicha na majani mengine ya kijani. Mtoto aliyeshiba vyakula hivyo hufyonza risasi kidogo.

9. Wanawishe watoto mikono kabla ya kula. Fagia kwa kunyunyiza maji kwanza. Vumbi likilala, sumu nayo hulala.

Kumbuka jambo hili pia: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi. Maji ya kisima kilicho karibu na mahali pa kuvunjia betri au kusaga dhahabu yasitumiwe mpaka yapimwe. Mwelezeni bwana afya.

UTAJUAJE?

Risasi nyingi huleta maumivu ya tumbo, kufunga choo, kuishiwa damu na kuchoka. Kwa mtoto inaweza kuleta degedege. Risasi kidogo haionyeshi dalili. Mtoto hucheza na kula kama kawaida. Ni damu tu itakayosema.

Kipimo hicho hakipatikani katika kila zahanati. Hata hivyo, ukienda kutibiwa, mweleze daktari kazi unayofanya. Sema: mimi hutengeneza betri, au sisi husaga dhahabu. Neno hilo moja linaweza kumfanya atafute mahali pa kukupima, na kwa mapema.

Ndugu msomaji, mtoto anayetambaa uani kwako leo atakuwa mzee siku moja. Watu watamwendea kwa ushauri. Wajukuu watataka awasimulie habari zako. Akili atakayotumia siku hiyo inajengwa sasa, juu ya udongo wa ua wako. Uangalie ua huo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kalamu ya risasi ina risasi? Eleza.

2. Kwa nini mji wa Dunedin ulifaa kwa kupima madhara ya risasi?

3. Watu wa Dunedin wenye risasi nyingi hawakuona kasoro zao wenyewe. Ni nani waliziona? Jambo hilo linatufundisha nini?

4. Risasi iliyoingia mwilini utotoni hujificha wapi? Hutoka wakati gani?

5. Katika kijiji chenu betri zilizokwisha nguvu hupelekwa wapi? Je, kuna anayezivunja karibu na nyumba, shule au kisima?

6. Kikundi chenu kifanye jambo gani mwezi huu ili kuwakinga watoto? Andikeni mliyokubaliana, kisha mtaje ni nani atakayeyasimamia.